Mabomba ya Ekseli ya Nyuma ya Gari la Mbio: Yachomelewe, Yabanwe au Yafungwe kwa Boliti?

Ekseli ngumu ya nyuma ina kasha la katikati, ambamo hukaa pinioni, krauni na difu, na mabomba mawili ya chuma yanayotoka kwenye kasha hilo kwenda hadi kwenye beringi za magurudumu. Ndani ya kila bomba huzunguka shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu. Bomba lenyewe halitakiwi kuzunguka hata kidogo. Kazi yake ni kubeba uzito wa gari, kushikilia springi au mikono ya sasipensheni, na kupokea msokoto unaorudi kila dereva anapokanyaga mafuta au breki.

Ekseli hizi zina maumbile makuu matatu. La kwanza ni kasha la bamba la chuma lililochomelewa pamoja na mabomba yake likawa kitu kimoja, kama ile ya Ford ya inchi 9 iliyoanza kutumika mwaka 1957. La pili ni la Salisbury: kasha ni la chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na mabomba ya chuma cha kawaida yamesukumwa kwa presi ndani ya matundu yake. Dana 60, ekseli ya General Motors ya boliti 12 na Ford ya inchi 8.8 ni za kundi hilo. Mafundi wa Afrika Mashariki wanalifahamu umbile hili katika Land Rover 110 nyingi, ambazo ekseli yake ya nyuma ni ya Salisbury. La tatu ni ekseli ya kubadilisha gia haraka, aina ambayo Ted Halibrand aliieneza katika mbio za Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kasha lake ni la alumini au magnesiamu, na kila bomba limeingizwa katika kengele ya pembeni inayofungwa kwa boliti kwenye sehemu ya katikati.

Katika maumbile mawili ya mwisho, bomba na kasha ni vitu viwili vilivyobanana, na hapo ndipo mafundi wanapotofautiana. Mchomeleaji anaamini kuwa kiungo kisichochomelewa hakiaminiki katika mbio. Mkereza, fundi wa mashine ya kukereza, anaamini kuwa tundu na bomba vikikerezwa kwa kipimo sahihi, moto wa kuchomelea huharibu kuliko kutengeneza. Mpimaji hana upande. Anadai kila kazi ihukumiwe kwa unyoofu wa ekseli baada ya kumalizika.

Kwa nini bomba hulegea

Gurudumu linaposukuma ardhi nyuma, kasha husukumwa kuzunguka upande wa pili kwa msokoto ulio sawa, kama sheria ya tatu ya Newton inavyosema. Pua ya pinioni inataka kuinuka. Katika gari la springi za majani zilizofungwa kwenye mabomba, msokoto huo wote lazima upite katika viungo viwili vya kasha na bomba ndipo ufike kwenye springi.

Mkereza: Hesabu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Injini ikitoa nyutonimita 500, gia ya kwanza ikiwa 2.5 na gia ya mwisho 4, magurudumu hupata nyutonimita 5,000, mradi matairi yashike. Kila bomba linatakiwa kustahimili nusu yake, yaani 2,500. Tuchukue bomba la kipenyo cha milimita 76 lililoingia milimita 75 ndani ya kasha. Shinikizo la kubanana likiwa megapaskali 20 na kiwango cha msuguano 0.12, kiungo kinaweza kushika takriban nyutonimita 1,630 tu. Mkazo huo hautoshi, na bomba litazunguka. Dawa ya kwanza ni kuongeza mkazo: tundu likerezwe likawa la duara kamili, na bomba jipya likerezwe likawa nene kidogo kuliko tundu.

Mchomeleaji: Hesabu hiyo hiyo inatetea kuchomelea. Viwanda vyenyewe havikuutegemea mkazo peke yake. Kasha la Salisbury lina matundu madogo pembeni, na bomba linapokwisha kuingia, matundu hayo hujazwa kwa mchomo ili kulifunga. Plagi hizo chache ziliwekwa kwa ajili ya gari la barabarani. Gari likipewa matairi laini ya mbio na likaondoshwa kwa kishindo, plagi hukatika. Katika Mustang za V8 zilizotumia ekseli ya inchi 8.8 tangu mwaka 1986, mikono ya juu imefungwa kwenye kasha na ya chini kwenye mabomba, kwa hiyo kiungo kinavutwa kati ya pande hizo mbili. Bomba kuzunguka ndani ya kasha ni ugonjwa unaojulikana wa ekseli hiyo.

Mpimaji: Njia ya msokoto ijulikane kwanza. Camaro ya mwaka 1982 ina mkono mrefu uliofungwa kwenye kasha la difu ukaenda mbele hadi kwenye giaboksi. Humo msokoto wa kuongeza mwendo haupiti katika viungo vya mabomba. Unapita katika mkono huo. Lakini breki zimefungwa kwenye ncha za mabomba, kwa hiyo dereva anapofunga breki, kiungo kinabeba mzigo wake. Anayetaka kuimarisha ekseli bila kujua nguvu inapita wapi huenda akaimarisha pasipostahili.

Je, bomba litolewe?

Sababu za kulitoa bomba ni chache: limepinda katika ajali, limezunguka likakwangua tundu, unene wake hautoshi, au upana wa ekseli unabadilishwa ili kuingiza matairi mapana.

Mchomeleaji: Kwa kupunguza upana, bomba halitolewi kwenye kasha. Ncha ya nje hukatwa, bomba likafupishwa, kisha ncha mpya ikachomelewa. Kazi hiyo huleta faida nyingine: ekseli ambazo shafti yake hushikiliwa ndani ya difu kwa klipu yenye umbo la C hupewa ncha zinazoshika shafti kwa nje. Shafti ya klipu ikikatika, gurudumu laweza kuchomoka. Kwa ncha mpya linabaki mahali pake.

Mkereza: Hilo ni sahihi kwa bomba zima. Bomba lililokwisha kuzunguka ni habari nyingine. Limekula tundu, na ndani kuna kutu na unga wa chuma. Kulichomelea bila kulitoa ni kufunika kiungo ambacho tayari kimelegea. Mchomo wa ukingoni ndio utakaobeba kila mzigo, wa kusokota na wa kupinda, na utapasuka mapema.

Mpimaji: Kipimo cha saa kitatoa uamuzi. Kasha lifungwe imara, mzigo uwekwe kwenye ncha ya bomba, na mwendo upimwe pale bomba linapoingia kwenye kasha. Mwendo ukionekana kwenye kiungo, bomba litolewe. Kiungo kikitulia na bomba likiwa nyoofu, liachwe mahali pake.

Kulitoa bomba

Kazi huanza kwa kuvua shafti, difu, beringi, sili na bomba la kupumulia. Alama huchongwa kwenye kasha na kwenye bomba ili mabano ya springi yarudi katika pembe ileile, na umbali kutoka kasha hadi ncha huandikwa. Vifuniko vya beringi za difu hurudishwa na kukazwa kwa kipimo chake, kwa sababu kasha lililo wazi hupinda kirahisi likiwa chini ya presi au moto.

Mchomeleaji: Plagi zitolewe kwanza, zote, kwa drili au kwa grenda, hadi uonekane mpaka kati ya kasha na bomba. Plagi moja ikibaki, presi itapasua kasha kabla ya kulitoa bomba. Mafuta yasafishwe kabla ya moto wowote. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisitumike kabisa mahali patakapochomelewa, kwa kuwa joto la mchomo huweza kuzigeuza kuwa fosijini, gesi yenye sumu kali.

Mkereza: Plagi zikiisha, hesabu ya awali inaonyesha kuwa bomba limeshikwa kwa takriban kilonyutoni 43, karibu tani nne na nusu. Presi ya karakana inaweza kulisukuma, ingawa kutu huongeza mzigo huo sana. Bomba likikataa, lisipigwe nyundo. Likatwe karibu na kasha, kipande kilichobaki ndani kipasuliwe kwa urefu kwa msumeno mwembamba bila kugusa ukuta wa tundu, kisha kikunjwe kuelekea ndani. Likiwa limeng'ang'ania zaidi, likerezwe hadi libaki ganda jembamba linalochomoka kwa mkono.

Mchomeleaji: Kuna njia nyepesi zaidi. Mshono wa kuchomelea ukipigwa ndani ya kipande hicho, kwa urefu, chuma hupoa na kusinyaa. Kipenyo kinapungua, na kipande ambacho presi ilishindwa kukitikisa hutoka chenyewe.

Mkereza: Njia hiyo inafaa pale ambapo kipande kinatupwa na kasha ni la chuma cha kusubu. Mshono upigwe mbali na ukingo, na moto usipenye hadi kwenye kasha.

Katika kengele ya alumini utaratibu ni tofauti. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma: sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, dhidi ya sehemu 12 kwa milioni za chuma. Kengele yenye tundu la milimita 76 ikiongezewa nyuzi 150, tundu hupanuka kwa milimita 0.26. Bomba likipozwa kwa barafu kavu, kwa kushuka nyuzi 100, husinyaa kwa milimita 0.09. Boliti za kufungia zikishatolewa, bomba huweza kuteleza nje bila presi. Kiwango cha joto kinadhibitiwa kwa uangalifu, kwa sababu alumini nyingi za kasha hupewa ugumu wake kwa kupashwa karibu nyuzi 155 kwa saa kadhaa. Joto la kupita hapo, likikaa muda mrefu, huzilainisha. Kengele ya magnesiamu haipelekwi karibu na mwali. Hupashwa katika tanuri au katika mafuta ya moto, na vumbi lake halikusanywi karibu na cheche, kwani huwaka kwa ukali usiozimika kwa maji.

Kulishika bomba kwenye chuma cha kusubu

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mkali kuliko kwingine. Chuma cha kusubu kina kaboni ya asilimia 2.5 hadi 4, na bomba la chuma cha kawaida lina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Vikiyeyushwa pamoja kwa elektrodi ya kawaida na kupoa haraka, kaboni huingia kwenye mshono, na ukanda mwembamba pembeni yake hugeuka mgumu kama kioo. Mshono unaposinyaa, ukanda huo hupasuka.

Mkereza: Hiyo ndiyo sababu ya kutochomelea. Mafundi wengi hupiga mshono wa waya wa kawaida kuzunguka bomba, mshono ukang'aa, wakadhani kazi imekwisha. Ufa hauonekani, kwa sababu umejificha upande wa kasha, chini ya mshono. Bomba lililobanwa vizuri, likaongezewa plagi mpya katika matundu yake ya asili, linatosha kwa magari mengi.

Mchomeleaji: Kosa hilo ni la njia, na njia inarekebishika. Kwanza kasha lote lipashwe moto kwa usawa hadi nyuzi 200 au 300, na joto lithibitishwe kwa chaki ya joto. Pili, itumike elektrodi ya nikeli. Ile ya nikeli karibu asilimia 99 ni laini na hukerezeka. Ile ya nikeli takriban 55 na chuma ni imara zaidi, na kutanuka kwake kunakaribia kule kwa kasha. Tatu, mshono upigwe vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, kila kipande kikigongwagongwa kwa nyundo ndogo kikiwa bado moto ili mvutano wake ulegee. Mwisho, kasha lifunikwe kwa mchanga mkavu au blanketi la kuzuia joto lipoe polepole, ikiwezekana usiku mzima.

Mpimaji: Aina ya chuma cha kusubu nayo ijulikane. Chuma cha kijivu chenye grafiti ya mapande huvunjika kirahisi. Chuma chenye grafiti ya vidonge, kilichogunduliwa na Keith Millis mwaka 1943, hustahimili zaidi mvutano wa mshono. Grenda au drili huonyesha dalili: cha kijivu hutoa unga, cha vidonge hutoa nyuzi fupi za chuma.

Mkereza: Hata hivyo mshono usipewe kazi ya mkazo. Kwanza tundu likerezwe, bomba libanane kwa urefu wote, ndipo mshono uwekwe kama ulinzi wa pili.

Mchomeleaji anakubali sharti hilo. Mshono wa ukingoni uko mahali ambapo bomba hupindwa zaidi, kwa hiyo ukifanywa kuwa mshikizo pekee hupata mizigo miwili kwa pamoja. Bomba likiwa limebanwa ndani, mpindo hubebwa na ukuta wa tundu, na mshono hubaki na kazi ya kuzuia mzunguko na kuvuja kwa mafuta.

Kulishika bomba kwenye alumini na magnesiamu

Chuma hakichomelewi na alumini kwa tao la umeme la kawaida. Katika ekseli ya kubadilisha gia haraka, uchaguzi umebaki kati ya mkazo, boliti na gundi ya kufungia chuma.

Mkereza: Mkazo wa baridi usihesabiwe kuwa mkazo wa kazini. Ekseli ikitoka nyuzi 25 hadi 110 mbioni, alumini hutanuka kuliko chuma, na tofauti katika tundu la milimita 76 ni milimita 0.07. Kama bomba lilikerezwa likapita tundu kwa kiasi hicho tu, likipata moto halina mkazo wowote. Ukerezaji uanze kwa kujumlisha upotevu huo, ndipo uongezwe mkazo unaotakiwa.

Mchomeleaji: Kwa hiyo boliti ni za lazima. Zipite ukuta wa kengele ziingie katika bomba kwenye sehemu nene, mbali na ukingo ambako mpindo ni mkubwa, na zigawanywe kuzunguka duara. Tundu la boliti kwenye bomba lilainishwe kingo zake, kwa sababu ufa huanzia kwenye kingo kali.

Mpimaji: Gundi ya kufungia inaziba mafuta na kujaza mikwaruzo midogo, lakini nguvu yake hupungua joto linapopanda. Ihesabiwe kuwa msaada wa boliti, isichukue nafasi yake.

Unyoofu ndio hukumu

Kila njia iliyotajwa huweza kulipindisha bomba. Mshono husinyaa na kulivuta upande wake. Presi huliingiza likiwa limeinama. Kengele iliyopashwa upande mmoja hupoa ikiwa imejikunja.

Mpimaji: Kipimo ni nondo ndefu iliyosagwa ikawa nyoofu, inayopita katika pete zilizowekwa kwenye makao ya beringi za difu, vifuniko vikiwa vimekazwa. Ncha za nondo ziingie katikati ya ncha za mabomba bila kulazimishwa. Bomba la milimita 600 likitoka nje kwa milimita 1.5 limepinda nyuzi 0.14. Mwendo ukiwa kilomita 200 kwa saa na tairi likiwa na kipenyo cha milimita 660, shafti huzunguka karibu mara 1,600 kwa dakika, na katika kila mzunguko hupindwa na kunyooshwa. Sili huanza kuvuja, meno ya shafti hulika, na mwisho shafti hukatika.

Mchomeleaji: Ndiyo maana mishono hupigwa kwa kupokezana: kipande kimoja juu, kinachofuata chini, kisha mbele, kisha nyuma, halafu bomba la pili. Nondo ikae ndani wakati wote. Ikianza kubana, kazi isimame.

Mkereza: Na bomba likishapinda kidogo linaweza kurudishwa bila kukatwa. Doa dogo upande uliotokeza hupashwa hadi liwe jekundu, kisha hupozwa. Doa likisinyaa, ncha ya bomba huvutwa kuelekea upande huo. Kazi hufanywa doa moja moja, na nondo hupimwa baada ya kila doa.

Magari ya mbio za duara hulipindisha bomba kwa makusudi, ili tairi la nyuma lisimame kwa pembe inayofaa kona za upande mmoja. Humo shafti huwekewa meno yenye mgongo yanayokubali pembe ndogo. Pembe hiyo huchaguliwa na kupimwa kabla ya kazi. Haitokani na joto la mshono.

Uamuzi

Sauti hizi tatu zinakubaliana kuwa kushika bomba ni kazi yenye mpangilio: tundu safi na bomba lililobanana kwanza, mshikizo unaolingana na chuma cha kasha baadaye, na unyoofu kama hukumu ya mwisho. Kasha la bamba la chuma huchomelewa bila shida, mradi lizuiwe kupinda. Kasha la chuma cha kusubu katika gari la nguvu ya wastani linatosheka na mkazo mzuri na plagi mpya. Katika gari linaloondoka kwa kishindo, na hasa lenye springi za majani, huongezewa mshono wa nikeli uliopashwa na kupozwa polepole. Kengele ya alumini au magnesiamu hutegemea mkazo uliohesabiwa kwa joto la kazini, pamoja na boliti.

Ekseli ikisharudishwa, mstari mwembamba wa rangi huchorwa ukivuka kutoka kasha hadi bomba, pande zote mbili. Baada ya majaribio ya kwanza na baada ya kila mbio, mistari hukaguliwa pamoja na mshono. Mstari uliokatika katikati unaonyesha kuwa bomba limezunguka, na ekseli hiyo hairudi barabarani kabla ya kiungo kufunguliwa na tundu kupimwa upya.